Siku ya Tisa

Kongowea alfajiri,
lori laja na habari:
nusu ya nyanya si shwari,
joto limeziwahia.

Nyevu hesabu apiga,
makreti kumi kamwaga,
kunguru wafanya zoga,
karamu yawangojea.

Akasema: "Sina budi,
jua hili lilozidi
niligeuze baridi,
lije kunitumikia."

Kwa kontena kuukuu,
sola nne pale juu,
fundi wa bei nafuu,
Tsuma, alimchomea.

Nyali, jengo la vioo,
robo saa ya kikao:
"Tuoneshe makisio
ya miaka kumi pia."

Nyevu kacheka kidogo:
"Bwana, nyanya si magogo;
siku tatu, na mzigo
tayari wakunukia.

"Vuli haina miadi,
ikija, yaja na radi;
nyinyi mwataka ahadi
ambayo mbingu yajua."

Wakasema: "Twafikiri.
Barua pepe, subiri."
Miezi sita, sifuri,
jibu halijatokea.

Kina mama wa karai,
wa mahamri na wa chai,
wakasema: "Hatudai
hati, twakuaminia."

Mia tano, mia mbili,
noti zenye pilipili,
chumba kikawa kamili,
baridi ikaingia.

Leo ni siku ya tisa,
Nyevu nyanya azigusa:
ngumu, nyekundu kabisa.
Simu yaanza kulia.

Ni Nyali: "Tuko tayari."
"Basi njoni alfajiri.
Nyuma ya mama mahamri
foleni inaanzia."