Hapa Fundi Alichoka

Picha iliingia usiku, nikaiona alfajiri nikienda kukamua:
Anaeli, koti limemvimba kama godoro lililokunjwa,
nyuma yake ngome ya Uswidi, minara minne,
ziwa linaanza kuganda kandokando.
“Humu alilala mfalme,” ameandika. “Siku hizi ni makumbusho.
Na ukuta wake, dada, ukilaza kitanda cha Baba
ndani ya unene wake, kinaenea.”

Baba aliishika simu mbali na uso, kama hati ya deni.
Habari za mfalme hakuuliza.
Miaka thelathini na tisa ni mwashi;
nusu ya vyoo vya Tengeru vimenyooka kwa timazi yake.
Akasema, “Mwambie na sisi tunakwenda ngomeni.
Vaa viatu.”

Tukashuka Arusha na manyunyu ya vuli.
Meru umejifunika gubigubi, kama mtu asiyetaka wageni.
Maua ya jakaranda yakatunata kwenye soli
tangu Mnara wa Saa hadi juu, Barabara ya Boma,
kwenye jengo jeupe aliloliacha Mjerumani.

“Boma,” alisema Baba langoni, akilionja neno.
“Boma ni miiba, ni ng'ombe, ni harufu ya samadi.
Hawa walilichukua jina
wakalitia bunduki.”
Naishiye wa tiketi akacheka, akamvutia kiti.
Hakukaa.

Ndani, mafuvu ya zamadamu,
nyayo za Laetoli, nakala ya plasta,
vipepeo waliochomwa pini kifuani.
Mimi nilisoma vibao. Baba alisoma kuta.
Alizigonga kwa fundo la kidole, ko, ko,
akatega sikio, akakwangua chokaa kwa ukucha.
Naishiye akakohoa.
Baba akauficha mkono mfukoni kama mtoto aliyeshikwa na sukari.

“Babu yangu alibeba mawe haya,” alisema,
si kwa sauti ya hotuba; kwa sauti ya mtu
anayekumbuka alipoacha jembe.
“Alibebea bega la kushoto. Likabaki chini
hadi tulipomzika. Jeneza lilimkaa upande.”
Nikarudi kwenye vibao, kimoja kimoja.
Nilikuta tarehe.
Sikukuta bega.

“Sasa nipige picha.”
“Langoni, Baba, ndipo pazuri.”
“Langoni walipigwa wakubwa.”
Akanipeleka nyuma, chini ya bomba la mvua,
lipu ilipobanduka: jiwe moja limekaa kombo,
na pengo lake limeshindiliwa udongo
mwingi kuliko haki.
“Tazama. Mstari umenyooka, umenyooka, halafu hapa.
Hapa ilikuwa jioni. Hapa fundi alichoka.”
Akasimama kando ya jiwe lile, kofia mkononi,
kama wanavyosimama watu kwenye picha za harusi.

Nikatuma. Nikaandika maneno yake, sikuongeza langu.
Tukanunua mahindi ya kuchoma, tukala tumesimama.
Ng'ambo huko, kumbe, Anaeli anaishi mtaa wa pili;
alipanda baiskeli, akazunguka ngome yote
akipekua kuta upande usiopitwa na wageni.

Nusu saa. Simu ikatetemeka.
Safari hii hapakuwa na mnara, wala ziwa, wala yeye.
Kona tu, na theluji, na jiwe lililokataa kukaa,
kipande cha tofali kimechomekwa ubavuni
kama jino la bandia.
Chini yake: “Huku pia.”

Baba aliikuza kwa vidole viwili.
Sikujua kama anajua.
Akaitazama hadi kioo kikazima,
akanipa niwashe, akaitazama tena.
“Huyu baridi ilimpiga,” alisema. “Chokaa ilimgandia mkononi.
Lakini mkono ni mzuri. Ningemchukua.”

Kisha akafuta punje za mahindi kwenye ndevu,
akasema vipepeo hakuwaona vizuri,
akarudi ndani,
na Naishiye hakumdai tiketi ya pili.