Upande Huu wa Ua

Mimi ndiye yule wa achari, langoni pa shule, Mtopanga,
mwenye ndoo ya kachiri na chupa ya ukwaju wa pilipili.
Miaka tisa nimekaa upande huu wa ua.
Kengele ya saa nne naijua kuliko mlio wa simu yangu.

Mwaka huu wakaja na majembe.
Mwalimu Mbeyu (jina hilo kwao ni mbegu,
na utani wake keshausikia wa kutosha)
aliwapeleka watoto nyuma ya vyoo, penye matumbawe.
Wakang'oa mawe siku kumi na moja.
Wakaleta samadi ndani ya mikoba ya vitabu,
mama zao wakaja kunilalamikia mimi,
utadhani mimi ndiye mbuzi.

Nikacheka. Udongo ule? Na maji yale ya kisima,
yenye chumvi hata chai huyakataa?
Nikasema, hapo pataota mawe mengine.

Pakaota mchicha.
Kisha kunde, kisha mabenda,
kisha boga likatambaa, likapanda,
likachungulia kwangu, ua lake la manjano
juu ya ua wa waya,
kama mtoto anayeomba kuongezwa pilipili.

Na achari yangu ikaanza kulala.
Jumatatu pakiti sita. Jumatano tisa.
Nasema kweli, sikufurahi. Lishe bora ni neno tamu
kwa asiyedaiwa kodi.
Mwanangu mwenyewe, Bwanaheri, darasa la tano,
alirudi nyumbani akaniuliza:
"Mama, huu wekundu wa achari ni wa tunda gani?"
Nikamwambia, la kula unyamaze.

Ijumaa ikawa siku ya kupika.
Majiko mawili ya makaa, meza ya chuma,
watoto wamejifunga leso za mama zao.
Mwalimu anasoma: hiki cha kujenga mwili,
hiki cha kulinda mwili. Wanaitikia.
Mimi nimeshika waya, natazama tu.
Nikaona tui zito limemiminwa, moto mkali,
na msichana wa mwiko amegeuka kusikiliza.
Sijui mdomo ulifunguka saa ngapi:
"Koroga! Koroga, wewe, tui litakatika!
Tui halingoji somo!"

Darasa zima likanigeukia.
Bwanaheri akainama kufunga kamba za viatu
visivyo na kamba.

Mwalimu Mbeyu akaja mpaka kwenye waya, jasho limemtota.
"Chuo kilinifunza lishe," akasema.
"Kwetu Ganze, nazi huja na wageni. Ingia."

Miaka tisa, na lango lile nilikuwa silipiti
ila nikiitiwa makosa ya mtoto.
Nikakaa juu ya mbuzi, nikawaonyesha:
nazi haikunwi kwa hasira, mkono uzunguke,
ukifika kwenye weusi, acha;
tui la kwanza lisubiri, la pili ndilo lichemshe majani;
chumvi kidogo mno, kisima kimeshatia yake.
Mbodze, yule wa mwiko, akaniuliza
mnavu una uchungu kwa nini.
Nikasema, ndivyo ulivyolelewa.
Mwalimu akaliandika ubaoni.

Sima ikasongwa, ikabonyea katikati.
Wakala. Mwanangu akala mnavu
ambao nyumbani huuficha chini ya sahani,
kisha akaja mbele yangu, hakusema Mama, akasema
"Naomba uniongeze,"
kama anayemwomba mpishi wa harusi ya watu.
Nikamwongeza kuliko wenzake. Hakuna aliyeona.
Mbodze aliona.

Sitawadanganya: Jumatatu nilirudi kwenye ndoo yangu.
Mwenye nyumba halipwi kwa mchicha.
Ila ile rangi nimeiacha; achari sasa ni embe lenyewe,
imepauka, na wateja wananung'unika.
Na mlangoni petu pana mtungi wa mafuta uliokatwa nusu.
Kila alfajiri, kabla hajanawa uso,
Bwanaheri huumwagia maji yaliyooshea mchele
na kuukaripia kwa sauti ya chini:
"Ota basi. Mama anangoja."