Mpima Dagaa

Miaka kumi na saba nimesimama Mwaloni, Kirumba,
nikipima dagaa wa watu.
Nalijua gunia lililonyunyiziwa maji usiku ili lilemee,
naujua mchanga uliolazwa chini kama siri ya ndoa,
na yule mchuuzi mcheshi anayekusimulia vituko vya shemeji yake
huku kidole gumba cha mguu kimekanyaga bamba la mzani.
Huyo namtazama miguu. Simtazami uso.

Mwaka huu nikapimwa mimi.

Kilo arobaini na sita, pamoja na viatu.
Makohozi kwenye kikopo, mara mbili.
Kisha Sista Nyabise akanidunga ncha ya kidole:
tone moja, dogo kuliko jicho la dagaa.
Kimashine kikawaza kidogo
kikasema kumi na sita nukta tatu.
"Kifua kikuu," akasema, "na sukari nayo iko juu."

Nikacheka, nikakohoa, nikacheka tena.
Sukari? Mimi,
ninayehesabiwa vijiko vya chai tangu bei ipande?
Wenye sukari ni wale wa Capripoint, wenye vitambi na madereva.
Mimi suruali naifunga kwa kamba ya gunia.

Lakini sisimizi walishajua.
Tangu masika walipanga foleni kwenye lile jiwe nyuma ya nyumba, Mabatini,
ninapotoka usiku mara tano, mara sita,
na Kwandu akidhani watoto wamemwaga soda.
Dawa zilipoanza, mkojo ukageuka rangi ya mawese.
Sisimizi hawakujali rangi.
Walikuja vilevile.

Nyumbani utamu ukaingia bila hodi:
shangazi wa Magu na kapu la matobolwa,
jirani na pakiti ya glukosi,
mama mkwe na uji wa kuungwa, mzito, unaonata mdomoni.
"Kula, Masalu. Mbavu zinahesabika."
Kwetu mgonjwa hupoozwa kwa kitamu.
Kwandu akasimama mlangoni, karatasi ya kliniki mkononi:
"Kifua kinataka ale. Sukari inataka aache.
Nimpikie nani kati ya hawa wawili?"

Eti fahali wawili hawakai zizi moja.
Waje walale na mimi usiku mmoja.

Nikamuuliza Sista:
hii sukari ni yangu, au imefuatana na kifua?
Hakunipamba.
"Mwili unaopigana hupandisha sukari.
Homa ikishuka, huenda nayo ikashuka.
Wapo wanaobaki nayo.
Wapo waliokuwa nayo zamani, hawakuwahi kupimwa tu.
Tutapima tena."

Nilimwelewa kuliko alivyodhani.
Kuna mguu kwenye mzani,
na bado haijulikani kipi ni gunia, kipi ni kidole.

Sasa Kwandu hunisimamia alfajiri nikimeza,
kisha ananiamuru nipanue kinywa, kama mtu anayenunua punda.
Sato wa kuchemsha. Mlenda. Ugali wa mtama, ngumi moja, ngumi yake si yangu.
Dirisha wazi hata mawingu yakitoka ziwani na mvua.
Mwezi wa pili: kumi na moja, kilo arobaini na tisa.
Mwezi wa tatu: tisa na ushei.
Mwezi wa nne ikapanda tena, nikakasirika barabarani kote hadi nyumbani,
nikaona aibu kukasirikia namba.
Matobolwa ya shangazi yapo juu ya kabati.
Hakuna aliyeyatupa.
Hakuna anayeyataja.

Kesho naenda tena.
Sista atanidunga, ataegemea meza, atasoma.
Mimi nitafanya nilivyozoea:
nitainama,
nitatazama miguu.