Angalia Kiti cha Nyuma

Halikuingia gereji.
Limezidi inchi tatu, upana wa vidole vinne tu,
na gereji hiyo niliijenga kwa mikono yangu
mwaka Arlys alipojifungua pacha.
Nilipima gari la wakati ule, nikaongeza kidogo,
nikajiona fundi mwenye kuona mbali.

Basi linalala nje, jeusi, refu kama tela la ng'ombe,
na kila alfajiri hapa Bemidji
nasimama juu ya ndoo ya rangi, nakwangua barafu,
huku ndani, pakavu, pasipo upepo,
mashine ya kukatia nyasi imejilaza
kama bwana harusi.

Muuzaji alisema: kiti kitakukumbuka.
Kinakumbuka kweli, ila kinamkumbuka Arlys.
Funguo zetu ni kurwa na doto;
nikibeba wake, gari hunilaki, "Karibu, Arlys,"
na kiti hunisogeza mbele, polepole, kwa adabu,
hadi magoti yananasa chini ya usukani
na kidevu kinabusu honi.
Mimi ni mtu wa futi sita na inchi mbili.
Arlys yuko dirishani na kahawa yake.
Hacheki. Mabega ndiyo yanayocheka.

Na vitufe vimekwenda wapi?
Zamani ulizungusha kitu, joto likaja.
Leo kuna skrini pana kama sinia,
isiyotambua glavu.
Nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri
navua, nagusa, nakosa,
nagusa tena, kiti cha abiria kinapata moto
wala abiria hayupo,
lipo gunia la viazi,
na gari linapiga kelele: abiria afunge mkanda!
Ti, ti, ti, ti, mpaka darajani.
Nikavifunga mkanda viazi.
Tukaenda hivyo hadi nyumbani, kwa heshima zote.

Kwenye taa nyekundu injini hujizima yenyewe,
eti inabana mafuta.
Ni mlevi huyo, anayefunika glasi kwa kiganja
kati ya funda na funda
ili watu waseme ana kiasi.

Mlango wa buti hufunguka ukipitisha mguu chini ya bampa.
Gus, mbwa wetu, kisha jifunza.
Mara tatu wiki hii nimekuta buti wazi, theluji imejaa,
naye ndani, amekaa
kama mwenye mkopo.

Mkopo ni miezi themanini na minne.
Nina miaka sitini na saba.
Hesabu fanyeni wenyewe.

Haya yote ningeyameza.
Lakini kila nikizima, kengele, na maandishi mekundu:
ANGALIA KITI CHA NYUMA.
Mchana, usiku, mbele ya benki, mbele ya kinyozi.
Pacha wana miaka thelathini na minane,
mmoja yuko Tucson, mwingine hapigi simu.
Hakuna mtu huko, nalijibu. Hakuna mtu.
Nikafika mahali sisomi tena.

Jumanne ilikuwa ibada ya Orville Skaar.
Arlys, mafua yamemlaza, alinituma peke yangu.
Kanisani, gari likalia kama kawaida yake.
Inatosha, nikasema, nikabamiza mlango.
Ndani kila mtu ameleta chake,
na mjane, Ione, akaishika mikono yangu mitupu
akasema chakula kipo tele, Verlin, wewe keti.
Nikaketi. Nikala vya wenzangu.

Alhamisi Arlys akauliza bakuli lake liko wapi.

Lilikuwa nyuma, sakafuni, limefunikwa vizuri,
viazi, nyama, jibini, vimeganda kuwa tofali,
na ile karatasi ya gundi ubavuni
yenye jina letu kwa mwandiko wake.

Nikapanda, nikajifungia nalo.
Sikuwahi kukaa huku.
Pana nafasi kubwa sana, huku nyuma.