Swali la Thelathini na Moja

Madaftari themanini na mawili mezani kwangu
na kila moja lina harufu ya kwao:
moshi wa paini, mafuta ya taa, ugali ulioungua.
Hili limelowa ukungu wa Uwemba njia nzima,
mwenyewe alikuja amejifunika nalo kichwani.

Ni Juni. Baridi ya huku haipigi hodi.
Sakitu imelala juu ya viazi vya watu
na mimi, jiko la mkaa miguuni, kalamu nyekundu mkononi,
navuna nilichokipanda.

Maana ni mimi niliyesema: "Sitini. Kesho asubuhi. Zote."
Mwalimu wa Kiswahili alikwisha kutoa insha yake,
wa Sayansi alichora moyo ubaoni, wanakili, watie rangi,
wa Maarifa ya Jamii, kurasa nne.
Hakuna aliyemwuliza mwenziwe.
Kila mmoja alikuja na debe lake akatwika,
na kichwa ni kile kile kimoja.

Mwaka jana tulikuwa wa tisa, shule kumi na moja.
Mwalimu mkuu aliibandika karatasi ile chini ya saa
ili kila atazamaye muda
aitazame na aibu.

Daftari la Anjelista Mligo.
Swali la kwanza hadi la kumi na nane: vema, vema, vema.
La ishirini na mbili, saba mara nane imekuwa hamsini na nne.
La ishirini na saba, tarakimu zimeinama
kama mahindi yaliyolazwa na upepo.
La thelathini na moja
ameandika tano,
na kutoka mkiani mwa ile tano
mstari wa penseli unashuka,
taratibu, haukatiki,
unavuka pambizo,
unatoka nje ya karatasi.

Hapo ndipo usingizi ulipomshika mkono.

Mama yake anachuma chai Luponde, hurudi gizani.
Mtoto ndiye anayebandika sufuria, anayemwogesha Eliudi,
anayehesabu kuku kabla ya kufunga banda.
Daftari hufunguliwa saa tatu usiku.
Juzi nilimwuliza, mbona siku hizi huchezi rede?
"Tumbo, mwalimu."
Jumatano: "Kichwa, mwalimu."
Nikamwambia akanywe maji.
Maji!
Kana kwamba ni kiu iliyomkalia kifuani.

Na yupo Gaudensi, sitini kwa sitini kila siku ya Mungu,
kucha amezitafuna mpaka kwenye nyama.
Huyo namwita mbele. Huyo tunampigia makofi.

Nimeufuata mstari wa Anjelista kwa kidole
mpaka ukingoni, kidole kikadondokea mezani.
Nimpe ngapi?
Nimkate?
Nimefikiri kidogo, nimefikiri tena,
mkaa ukawa unasinzia.

Nimeshtuka saa nane, miguu barafu.
Kalamu ilikuwa bado mkononi,
na kando ya mstari wake wa penseli
upo mwingine, mwekundu,
unashuka vilevile, umepinda palepale,
umetoka nje ya karatasi ukaendelea juu ya meza.
Madaftari hamsini na moja hayajafunguliwa.

Asubuhi niliandika maswali matano ubaoni, nikaweka chaki chini.
Walisubiri. Waliendelea kusubiri mengine,
penseli juu, kama watu waliozoea mvua
wasioamini mawingu yamepita.
Mkuu alinitazama dirishani, akaenda zake;
ataniita, najua.

Anjelista alikuja na daftari lake limefunguliwa.
"Mwalimu, huu mwekundu nimekosa wapi?"
"Hujakosa," nikasema. "Huo ni wangu.
Nililala."

Darasa likanyamaza kwanza,
likiniangalia kama nimetukana.
Kisha mmoja nyuma akapasuka, wakamfuata wote,
hata Gaudensi,
kidole bado mdomoni.