Kiwiko

Kioo cha kompyuta kilikufa Jumatatu,
kikatoa harufu ya mpira ulioungua, basi.
Nikabeba runinga ya sebuleni kwa toroli
kutoka Mabatini hadi kibandani kwangu Kirumba,
shemeji nyuma yangu akinung'unika
mpira wa leo ataangalia wapi.

Nikachomeka waya. Ikawaka.
Lakini kitufe cha kuanzia kimezama chini ya plastiki,
saa haipo, alama ya kufunga haipo,
na kila jina nililoandika
limeng'oka jino la mbele:
asunga, abula, gassa.

Ndipo akaja Shija, flashi kaifunga kwenye pindo la khanga.
"Ratiba ya kuanua tanga la baba. Nakala sitini.
Picha hii iwe jalada."

Nikaifungua. Mzee kwenye kigoda,
Kulwa kulia, Doto kushoto, nyuma yao mawe
na ziwa likimeta kama bati jipya.
Mwisho kabisa, kiwiko.
Kiwiko tu, kimeingia pichani
kama mtu anayebisha hodi.

"Huyo ni mimi," akasema, akacheka peke yake.
"Anayefuata mapacha. Hata runinga yako imenijua."

Nikatafuta rimoti, betri zimeshikwa na raba,
kitufe cha menyu hubonyezwa kwa ncha ya kalamu.
Nilianzia kwenye kompyuta, kosa langu:
maandishi yakavimba kama maandazi.
Nikarudia; picha ikasinyaa katikati,
weusi pande nne, kama barua ya tanzia.

"Iache hivyo hivyo. Bora nimo."

"Ngoja."

Faili halikumkata mtu.
Runinga ndiyo iliyozoea kuvuta picha,
ikidhani pembeni hakuna wa kutazamwa.
Picha. Umbo. Nikapita Sinema, nikapita Kuza,
nikashuka hadi neno la mwisho kabisa:
Kama Ilivyo.

Kiwiko kikapata mkono, mkono ukapata bega,
bega likapata binti wa miaka tisa
ameshika viatu vya baba yake, vyote viwili,
visilowe.

Hatukusema kitu. Printa ikaanza kuhesabu.
Kwenye nakala ya arobaini na kitu
nikaona, kule chini pembeni,
saa imerudi.
Kivuko cha mwisho cha Kamanga
kilikuwa kimeshaondoka, hayumo.

Akavuta stuli, akaketi mbele ya kioo.
"Endelea tu," akasema. "Nitalala kwa Doto."