Swali la Arobaini na Moja

Kiwandani Hamamatsu, tunakotoboa vyuma vya giaboksi,
Bwana Kuramochi katugawia karatasi:
maswali sitini, penseli moja, dakika ishirini.
Kompyuta itatupanga kwa aina, alisema,
nati huku, skrubu kule,
tabia ya kila mtu kisandukuni mwake
ili timu zielewane.

Nilienda mbio hadi la arobaini.
La arobaini na moja likanikaba:
"Katika karamu, wewe ni msemaji au msikilizaji?"

Karamu gani, bwana? Ya wapi?

Londrina, Jumapili, nyama inachuruza mafuta mkaani,
binamu wanagombania mpira na mbwa,
mimi kando ya friza, magoti yamebanana,
sahani imetulia mapajani.
"Mwacheni Edineia," walisema, "huyo Mjapani,
ndivyo walivyoumbwa,
maneno huyahesabu kama senti."
Niliamini. Nikawa nayahesabu.

Hapa, ghorofa ya tatu,
jirani wa chini kanibandikia kijibarua mlangoni,
mwandiko wa adabu, kona zimekunjwa sawasawa:
tafadhali, baada ya saa tatu usiku, punguza kicheko.
Na kwenye zamu mimi ni Mbrazili,
"ndivyo walivyo, midomo haina kizibo."
Kicheko ni kilekile, koo ni hilihili.
Sikubadilisha hata jino.
Ni ndege mbili tu, na usingizi mbaya.

Mtoto wa nyoka ni nyoka, sawa,
lakini namfikiria babu Kamesuke
aliyeshuka bandarini Santos na zeze la nyuzi tatu
lililowambwa ngozi ya nyoka,
akalitundika ukutani, asiliguse tena.
Miaka yote ya kahawa, mezani alisema "chumvi".
Chumvi, basi.
Tukasema huo ndio ukoo.
Baba akaurithi ule ukimya kama koti,
akaupunguza mikono, akanivisha.

Mwaka jana nilikwenda Itoman, visiwani Okinawa,
kumwona dada yake babu aliyebaki,
Bibi Ushi, miaka tisini na sita, macho makavu kama mbegu.
Nikamsifia utulivu wa kaka yake.
"Kamesuke? Yupi? Yule mropokaji?
Alifukuzwa mazishini kwa kuwachekesha wafiwa!"

Nikakaa chini.
Mtu alifika nchi asiyoijua neno lake la "mzaha",
ulimi ukajilaza ungoje maneno,
ukapitiwa na usingizi,
nasi wajukuu tukaupima ule usingizi
tukauita Japani.

(Na watu wa bara, Bibi Ushi aliongeza,
husema sisi wa visiwani hatujui saa.
Saa ya ukutani kwake ilikuwa imesimama, kweli.
Betri, alisema. Duka liko mbali.)

Ningeishia hapo ningekuwa nimeshinda.
Ila akakumbuka lile la mazishini,
akajipiga paja mara mbili, akacheka,
na mwishoni akakoroma kidogo puani.
Nikaganda na kikombe mkononi.
Kicheko hicho nakijua.
Ndicho kilichoandikiwa barua.
Kilipita wapi, kwa mtu bubu,
kwa baba yangu asiyewahi kuonyesha meno,
kikafika kwangu bila kumwagika?
Sijui. Hata sasa sijui.

"Dakika mbili," akasema Bwana Kuramochi.

Ijumaa majibu yakatoka.
Mimi na Thuy tumo kisanduku kimoja:
mtulivu, mwangalifu, afaa ukaguzi.
Thuy wa Nam Dinh, asiyechangia nami
babu, wala bahari, wala supu.
Tukala tumeweka kadi zetu kati ya makopo ya wali.

"La arobaini na moja uliandika nini?" akanong'ona.
"Nililiacha wazi."
"Hata mimi."

Kompyuta ilitujazia.